Kondoo Waliojificha

Jumapili moja alasiri, katika kipindi cha vijana, tuliwaomba waliohudhuria wataje hadithi yoyote nje ya Biblia iliyowahi kuwafanya wakitafakari kifo cha Bwana Yesu. Tulitazamia kusikia habari za wamisionari wa zamani, au za mama aliyeingia katika nyumba inayoungua kumtoa mwanawe. Kijana wa kwanza kunyosha mkono akataja katuni ya Kijapani. Wenzake wakacheka kwa sababu wanaijua. Wazee wawili waliokaa nyuma wakatazamana. Yeye hakucheka. Alisema kwamba ndani yake wapo marafiki wanaojificha wafe ili mwenzao apone, na kwamba alipofika hapo alilia.

Sisi tuliosimamia kipindi hicho hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa hatukuwa tumeisoma. Tulimwomba muda. Tukaisoma, na baadhi yetu tukatazama pia mfululizo wa televisheni uliotokana nayo. Insha hii ni jibu letu kwake, na kwa wazee wale wawili, na kwa kila msharika anayemwona mwanawe ameinamia simu na kujiuliza anasoma nini.

Hadithi hiyo hujulikana zaidi kwa jina la Kiingereza, Alice in Borderland. Mtunzi na mchoraji wake ni Haro Aso, na ilitolewa Japani na shirika la Shogakukan kuanzia 2010 hadi 2016, ikakusanywa katika vitabu 18. Desemba 2020 mfululizo wake ulianza kuonyeshwa na Netflix, na hapo ndipo vijana wetu wengi walipoifahamu. Jina lake la Kijapani linalo neno imawa, maana yake dakika zile za mwisho za mtu anayekata roho. Shujaa wake anaitwa Arisu, na ndivyo Wajapani wanavyolitamka jina la Alice, yule msichana wa kitabu cha Lewis Carroll ambaye wasomaji wa Kiswahili wa zamani walimjua kama Elisi, aliyeanguka katika nchi ya ajabu. Nchi anayoangukia Arisu haina ajabu ya kuchekesha. Ni nchi ya saa ya kufa.

Arisu ni kijana aliyechoka na maisha kabla hajayaanza. Anao rafiki wawili, Karube na Chota. Usiku mmoja wanaona kitu kama fataki angani, na wanapozinduka wako katika mji usio na watu. Wachache waliomo wanalazimika kucheza michezo ya kufa na kupona. Anayeshinda hupewa viza ya siku kadhaa za kuishi, na viza ikiisha, mwali hushuka kutoka angani na kumuua. Kila mchezo una karata yake. Shupaza ni michezo ya nguvu za mwili, uru ni ya akili, pau ni ya vikosi vinavyoshirikiana, na kopa, yenye alama ya moyo, ni michezo ya kuichezea mioyo ya watu hadi wasalitiane.

Tuseme mapema kwamba kazi hii haiwafai watoto. Damu ni nyingi mno. Miili ya wanawake mara kadhaa imechorwa bila heshima, na upo ukatili dhidi yao ambao hadithi inautumia kututisha tu, kisha inauacha na kwenda zake. Mzazi anayeikuta kwenye simu ya mtoto wa darasa la tano ana haki ya kuiondoa. Lakini aliyeuleta mbele yetu ni kijana mkubwa, mwenye kipaimara, na hakusema kwamba amefurahia damu. Alisema amelia. Mtu akilia, kanisa halianzi kwa kumwuliza kwa nini alikuwa anatazama.

Mahali alipolilia ni mchezo wa Saba ya Kopa. Wachezaji ni wanne: Arisu, Karube, Chota, na Shibuki, mwanamke waliyekutana naye katika mchezo wa kwanza. Wote wamevikwa kifaa kinacholipuka. Mmoja wao ni mbwa mwitu, na watatu ni kondoo. Mbwa mwitu akikutana macho kwa macho na kondoo, wanabadilishana: kondoo anakuwa mbwa mwitu, na aliyekuwa mbwa mwitu anakuwa kondoo. Muda ukiisha, mbwa mwitu anaishi. Kondoo wote wanakufa.

Msomaji wa Injili hawezi kupita hapo bila kusimama. Bwana aliwatuma wanafunzi wake kama kondoo kati ya mbwa mwitu, naye mwenyewe akajiita mchungaji asiyekimbia mbwa mwitu anapokuja. Aliyetunga kanuni za Saba ya Kopa anasema kinyume chake: kuwa kondoo ni kufa, basi kila mwenye akili na ajitahidi kuwa mbwa mwitu. Na mwanzoni marafiki hao wanamtii. Wanatafutana kwa macho, wanakimbizana, wanapigana.

Kisha jambo linageuka. Zamu ya mbwa mwitu inaangukia kwa Arisu, na Karube na Chota, kila mmoja mahali pake, wanaamua kutotoka tena. Arisu anapotambua, anakimbia huku na huku akiwaita, anawasihi wajitokeze wamtazame, ili awape nafasi yake. Hawatoki. Mbwa mwitu anawatafuta kondoo ili afe badala yao, na kondoo wanajificha ili yeye asife. Muda unaisha. Arisu anabaki peke yake.

Sisi wengine tulikulia kombolela. Jioni mtoto mmoja anafumba macho na kuhesabu, wengine wanajificha, naye anakwenda kuwakamata mmoja mmoja. Lakini yule ambaye bado hajakamatwa aweza kuchomoka mafichoni, awahi kituoni, na kuwakomboa wote. Ndipo mchezo ulipopata jina. Katika Saba ya Kopa hakuna njia ya kuwakomboa wote. Hata wapendane vipi, kanuni inadai maiti watatu, na inawapata. Hapo ndipo ulipo uzito wa uandishi wa Aso. Hakumpa Arisu ujanja wa dakika ya mwisho, ingawa katika michezo mingine kijana huyo ni bingwa wa kutatua mafumbo. Mtunga mchezo alitaka mambo mawili, vifo na chuki. Vifo alivipata. Chuki alinyimwa.

Tulipofika hapo, tulikuwa karibu kabisa kuandika jibu letu. Lilikuwa rahisi: ndiyo, mwanetu, hivyo ndivyo Bwana alivyokufa kwa ajili yetu, na Yohana sura ya 15 inasema juu ya upendo wa mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Tungeandika hivyo, tukafunga kwa sala, na kila mtu angerudi nyumbani ameridhika.

Aliyetuzuia ni Shibuki.

Huyu hakuamua kujificha. Alitaka kuishi. Chota, ambaye mguu wake uliumizwa katika mchezo wa awali, anamshika na kumzuia asitoke kumtafuta Arisu, hadi muda unapoelekea kwisha. Katika vipindi vyetu, kila tulipowaomba vijana wasimulie tukio hili, walisema kwamba marafiki wawili, au watatu, walikufa kwa ajili ya Arisu. Hakuna aliyesema kwamba mmoja wa waliokufa alizuiwa kwa mikono. Hata yule aliyelia hakumtaja. Hadithi yenyewe inamsahau upesi. Kurasa zinazofuata zinawaombolezea Karube na Chota, na huyu mwanamke anabaki kama mzigo uliokuwa umeambatana na sadaka ya wengine.

Tunaona kwamba hili ndilo kosa kubwa la kazi hii, na tunaona pia kwamba ni kosa letu. Aso anazo desturi mbili zinazoungana hapa. Ya kwanza ni kutufunulia maisha ya mtu pale tu anapokaribia kufa: utoto wake, mama yake, majuto yake, kisha anakufa. Mara ya kwanza inagusa. Mara ya sita msomaji anajua kwamba akianza kuonyeshwa utoto wa mtu, mtu huyo hafiki kesho. Desturi ya pili ni kwamba vifo karibu vyote vinamjenga Arisu. Wafu wanakuwa ngazi ya yule anayebaki. Hadithi inayochukia michezo ya kutumia watu inawatumia watu wake.

Biblia inalijua wazo la mmoja kufa ili wengi wapone, lakini inalitaja katika vinywa viwili tofauti, nasi hatuna budi kuvitofautisha. Katika Yohana sura ya 11, Kayafa anaushauri Baraza kwamba ni afadhali afe mtu mmoja kuliko taifa zima kuangamia. Kwa Kayafa hii ni hesabu. Anayetolewa hakuulizwa. Katika sura ya 10 ya Injili hiyo hiyo, Yesu anasema kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, bali anautoa mwenyewe, na kwamba anao uwezo wa kuutwaa tena. Kifo ni kimoja, msalaba ni mmoja. Kayafa anauona kama hesabu iliyofungwa vizuri. Yesu anauona kama zawadi. Karube alitoa. Shibuki alitolewa. Wote wawili wako katika mchezo mmoja, na tukiwachanganya tunamchanganya Kayafa na Kristo.

Aso mwenyewe anaujua ukayafa, maana aliuchora wazi katika mchezo wa Kumi ya Kopa. Msichana anakutwa ameuawa, na wachezaji wote wanaambiwa kuwa kati yao yuko mchawi aliyemuua, na kwamba watapona wakimtafuta na kumchoma moto. Mara moja wenye silaha wanaanza kuua ovyo, wakiamini kwamba wakiwamaliza wengi wa kutosha, mchawi naye atakuwa ameungua. Mwishoni inajulikana kwamba mchawi alikuwa ni yule yule msichana aliyekufa, aliyejiua mwenyewe. Walioteketezwa wote hawakuwa na hatia. Katika nchi ambayo bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, hatuhitaji maelezo marefu ya ukurasa huo. Hapo watu walimtafuta wa kufa kwa niaba ya wote, na kila mmoja alihakikisha kwamba si yeye.

Upande wa pili kabisa yuko Tatta, katika mchezo wa Mfalme wa Pau. Ni mchezo wa vikosi viwili vya watu watano. Kila kikosi kinapewa alama 10,000 za kugawana, na kwa muda wa saa mbili wanazinyang'anyana: wapinzani wakigusana mikono, mwenye alama nyingi anamchukulia mwenye chache. Kiongozi wa upande wa pili, Kyuma, si katili. Ni mtu mchangamfu, anayekipenda kikosi chake na kumheshimu adui yake, na ndiyo maana mchezo huu unaumiza: huwezi kumchukia anayetaka kukuua. Tatta ndiye mdogo wa kikosi cha Arisu. Si hodari wa mwili wala wa akili, na kosa lake limewagharimu wenzake. Wakati kushindwa kunakaribia, anakubali mkono wake uharibiwe ili bangili yenye alama zake itoke, Arisu aivae pamoja na yake, na apate alama za kumzidi Kyuma. Kikosi kinashinda. Tatta anapoteza damu, na anakufa.

Tatta hakushikwa na mtu. Hakuambiwa. Wala hakuhesabiwa na wenzake kuwa ndiye wa kuachwa kwa sababu ni dhaifu. Alitoa alichokuwa nacho, na hakikuwa kingi. Kama kijana wetu anatafuta mahali ambapo hadithi hii inaukaribia msalaba, tungemwelekeza kwa Tatta kabla ya Saba ya Kopa. Hata hivyo anaukaribia tu. Tatta alitoa ndani ya kanuni alizowekewa na mkono usioonekana wa aliyetunga michezo. Tukisema kwamba hivyo hasa ndivyo Yesu alivyokufa, tutakuwa tumemfanya Mungu Baba kuwa mtunga michezo, aliyekaa juu akidai maiti wa kutosha ili afungue mlango. Wapo wanaouhubiri msalaba hivyo, na vijana wanaosikia wanaondoka wakimpenda Mwana na kumwogopa Baba. Imani yetu inasema kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Aliyekufa na aliyempenda tangu milele hawakuwa pande mbili za mchezo.

Tulipoyaleta haya kwenye kipindi, yule kijana alisikiliza mpaka mwisho. Watu walipotawanyika akabaki. Ametupa ruhusa kuandika alichosema, bila jina lake. Zaidi ya mwaka uliopita alipakiwa na rafiki yake kwenye pikipiki wakapata ajali. Rafiki, aliyekuwa anaendesha, alikufa. Yeye alivunjika mguu. Tangu siku ya mazishi, alisema, hajapita mwezi bila mtu wa kanisani kumwambia kwamba Mungu alimbakiza kwa kusudi, kwamba rafiki yake aliondoka ili yeye abaki, kwamba sasa anaishi kwa niaba ya wawili. Walisema kwa upendo. Alisema kwamba aliposoma Saba ya Kopa hakumwona Yesu kwanza. Alimwona Arisu, aliyebaki peke yake akiwaita watu wasiojibu. Kumtaja Bwana katika kipindi ilikuwa njia ya kulisema hilo bila kulisema.

Tuliona haya. Tulikuwa tumejibu swali la hadithi, na alikuwa ametuuliza swali la maisha. Tena tulikumbuka ibada za shukrani ambazo sisi wenyewe tumeziongoza. Basi limepinduka, wengine wamekufa, na aliyepona anasimama mbele na bahasha yake, anashuhudia kwamba Mungu bado ana kazi naye, nasi tunapiga makofi na vigelegele. Katika benchi la tatu amekaa mama ambaye mwanawe alikuwa katika basi hilo hilo. Je, Mungu hakuwa na kazi na mwanawe? Ushuhuda wetu, tusipoangalia, ni hesabu ya Kayafa iliyovaa nguo za Jumapili. Yule mama ndiye Shibuki wetu. Tunashangilia, na hatumtaji.

Hapa lazima tuitendee haki katuni hii, maana mwisho wake unasema jambo ambalo sisi hatukumwambia kijana wetu. Mwishoni inafunuliwa kwamba zile fataki za mwanzo zilikuwa kimondo kilichoanguka mjini. Wote waliojikuta katika nchi ile walikuwa mahututi, kati ya uhai na kifo. Moyo wa Arisu ulikuwa umesimama kwa dakika moja. Anazinduka hospitalini, hakumbuki mchezo wowote, na anaambiwa kwamba Karube na Chota wamefariki katika maafa. Katika ulimwengu wa mchana, basi, hakuna rafiki aliyebadilishana naye. Jiwe lilianguka. Wengine walikufa, yeye hakufa, na hadithi haimpi sababu. Kabla ya kurudi, kila aliyebaki anaulizwa swali moja: utakaa huku daima, au utarudi? Yeye aliyeyachoka maisha anachagua kurudi, akijua kwamba kurudi ni kurudi kwenye kilio.

Na katikati, baada ya Saba ya Kopa, Arisu alipotaka viza yake iishe tu afe, aliyemwinua ni Usagi, msichana mpanda milima. Hakumweleza kusudi la kupona kwake. Alimchukua, wakaendelea pamoja. Ayubu naye alitembelewa na rafiki watatu, na siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno. Walianza kukosea walipoanza kueleza.

Tulimwambia kijana wetu yafuatayo, na tunayaandika ili wasimamizi wengine wasichelewe kama tulivyochelewa. Rafiki yako hakufa ili wewe ubaki. Alikufa katika ajali, na ni halali kuhuzunika bila kutafuta hesabu yake. Huna deni kwake la kuishi maisha mawili. Una maisha yako, nayo umepewa bure, si kwa bei ya mtu wa kwenye pikipiki. Aliyekufa kwa ajili yako ni mmoja, naye alijitoa mwenyewe. Alikufa kwa ajili ya rafiki yako vile vile, wala hakumpunguzia yeye ili akuongezee wewe. Tena yeye hakubaki mafichoni. Siku ya tatu alitoka. Katika michezo ya Aso wapo wengi wanaotoa uhai, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kuutwaa tena. Hadithi nzima inautafuta ule mkimbiaji wa kombolela anayechomoka na kuwakomboa wote, yeye mwenyewe akiwemo, na haimpati. Hatuilaumu kwa hilo. Inauliza kwa uaminifu kile ambacho sisi tumepewa kukijibu.

Kwa wazee wale wawili waliotazamana, tunaomba jambo dogo. Kijana akitaja hadithi msiyoijua, mwulizeni alilia wapi. Na katika ibada ijayo ya shukrani, kabla ya makofi, mchungaji na ayataje kwanza majina ya waliokufa katika ajali hiyo, kisha ndipo aliyepona atoe ushuhuda wake. Yule kijana amesema akiitwa atakuja. Ameomba tu asiulizwe kusudi.